Pua ya Fundi Mapipa

Saa moja asubuhi, karakana haijachangamka. Fundi mapipa anainamia tundu la pipa la mwaloni, kisha anakumbuka na kujiinua haraka, kama mtu aliyepiga hodi nyumba asiyokaribishwa. Anamwita mwanamke anayeosha mapipa.

"Njoo uninusie," anasema, macho chini.

Mwanamke ananusa. "Hili zima, fundi."

Ndipo fundi anapolipiga alama ya chaki, ruhusa ya kujazwa wiski.

Wenzake humwita Pua. Jina hilo hakuliokota. Enzi zake alikuwa akinusa mara moja tu na kukwambia pipa lilibeba nini kabla ya kuletwa hapa.

"Wiski ikitoka mtamboni haina rangi, na inachoma ulimi," anaeleza, akiwasha moto ndani ya pipa jingine ili kuunguza kuta zake. "Mbao ndiyo inayoilea. Makaa yanafyonza ukali, na mbao iliyobabuliwa inatoa utamu na ile rangi ya asali. Pipa lililokaa divai linaacha ladha ya zabibu kavu. Lakini likiwa limechacha, nalo linagawa uchachu wake."

Hapo anageukia moto wake, na sababu anayo.

Mwaka jana aliugua mafua makali. Mafua yalipoondoka, yaliondoka na harufu zote. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

"Ningesemaje? Kwamba Pua hana pua? Wangenicheka mpaka getini."

Basi akaendelea kuinama, kuvuta pumzi na kutikisa kichwa kibingwa. Maigizo yalimnyookea mpaka alipopitisha pipa la divai lililogeuka siki. Wiski ya miaka minane, iliyohamishiwa humo imalizie kuiva, ikaishia mtaroni.

Msimamizi aliuliza nani aliosha pipa lile. Ni huyu huyu anayemnusia leo, mdogo wa mkewe, ambaye fundi mwenyewe alimtafutia kazi. Alipelekwa kufagia uwanja na kukatwa theluthi ya mshahara.

"Nilikuwa kikaoni," anasema fundi. "Niliangalia viatu vyangu tu. Naona aibu mpaka leo."

Siku chache baadaye shemeji yake alipita nyumbani kumsalimia dada yake, asimkute. Alimkuta fundi sebuleni anasoma gazeti, mgongo ameupa jikoni, ambako sufuria ya maharage ilikuwa inaungua.

"Shemeji, kwani husikii harufu?" alimuuliza.

Fundi aligeuka, ndipo akaona moshi. Mwanamke alimtazama, akaelewa. Akazima jiko, akaloweka sufuria, akaondoka bila kumngoja dada yake.

"Heri angenitukana," anasema fundi. "Ameniloweka na sufuria, bwana. Nilikaa pale nikajiona mtu mdogo kabisa."

Kesho yake alisema ukweli mbele ya karakana nzima. Shemeji alirudishwa kuosha mapipa, kwa mshahara wake wa awali, akapewa na kazi ya kunusa. Fundi aliachiwa moto na kukaza pete za chuma. Hakuna aliyemcheka, na anasema hilo lilimuuma kuliko kuchekwa.

Shemeji mwenyewe hana maneno mengi. "Kazi tunafanya," anasema, akikamua tambara. "Dada yangu ni dada yangu. Na fundi ni fundi."

Daktari amemwambia fundi kuwa harufu inaweza kurudi, inaweza isirudi. Yeye ameshaacha kuingoja. Mpango wake ni kumfundisha shemeji kuunguza mapipa, ili siku atakapostaafu karakana ibaki mikononi mwake. Lakini anachokitamani hasa ni kidogo zaidi.

"Umesikia anavyoniita? Tangu siku ya maharage ni fundi, fundi. Hata nyumbani, mbele ya wanangu. Nangoja siku ataniita shemeji tena."

Kutoka safu ya nyuma sauti inaita. "Fundi, hili limechacha."

Anaitika, na kwenda kulitoa.