Komeo la Toleo Jipya

Shemeji yangu mtaani wanamwita Toleo Jipya, na jina limemkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Ni fundi wa kompyuta. Mpe mashine iliyokufa, ataifufua. Mwombe apige msumari mmoja nyumbani kwake, utazeeka unasubiri. Nasema haya mimi dada wa mkewe, fundi cherehani, na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na bafu lake.

Mlango wa bafu lile haukuwa na komeo. Lililokuwepo liling'oka zamani, yakabaki matundu ya skrubu. Kwa hiyo ukiingia kuoga unaegesha ndoo ya maji nyuma ya mlango, kisha unaimba, ili anayekuja ajue kuna mtu. Mdogo wangu kuimba hajui, maskini. Akichoka anapiga kelele tu: "Kuna mtu! Kuna mtu humu!" Siku baba mkwe wake alipokuja kuwatembelea, mdogo wangu alikuwa anaoga; sabuni ikamwingia machoni, wimbo ukakatika. Mzee wa watu akasukuma mlango. Jamani! Mzee aliondoka bila hata kunywa chai, na mdogo wangu akalia siku nzima kwa aibu.

Alipomaliza kulia akamwambia mumewe, nami nipo palepale: "Baba, nimechoka. Shule wakifungua chumba chao cha kompyuta kabla hujaweka komeo, mimi nahamia kwa dada."

"Nitaweka, mama. Ngoja nimalize diski."

Hiyo diski ndiyo mke mwenza wa mdogo wangu. Shule ya jirani ilipewa kompyuta kuukuu, na shemeji akajitolea kuzitengenezea diski ya kuwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Diski za kawaida zipo, tena za bure, lakini programu zilizomo ni za zamani. Ukishaziweka, lazima uvute mpya kutoka kwenye intaneti, na intaneti ya shule ile ni ya kubembeleza. Basi yeye anaifungua diski ya zamani ndani ya kompyuta yake, anatoa programu zilizochakaa, anatia mpya, anaongeza kamusi na michezo ya hesabu, halafu anaifunga upya na kuichoma, yaani kuinakili kwenye diski tupu. Kazi nzuri, sikatai. Tatizo ni kwamba kila akimaliza kuchoma, asubuhi anakuta programu moja imetoka toleo jipya, na moyo hautulii. Anaanza upya. Diski zilizokataliwa mdogo wangu anawekea vikombe vya chai.

Mwishowe akaipa kompyuta amri: ukikuta faili mbili za kitu kimoja, chukua iliyo mpya zaidi, usiniulize.

"Kilicho kipya ndicho bora, shemeji," akaniambia, kifua mbele.

"Ya kale ni dhahabu," nikamjibu. Akacheka kama vile mimi ndiye mjinga.

Kisha akataka kila kompyuta ikiwashwa imsalimie mwanafunzi. Akarekodi: "Karibuni, wanafunzi," safi kabisa. Si angeishia hapo? Aa, akaona arudie, iwe tamu zaidi. Nami wakati huohuo nilikuwa nakwenda kunawa mikono, nikasukuma mlango wa bafu. Kilichorekodiwa ni sauti ya mdogo wangu: "Kuna mtu! Kuna mtu humu! Komeo utaweka lini, wewe mwanamume?" Shemeji akazima, akasema ile ya kwanza inatosha, akaendelea na mambo yake. Faili ya pili hakuifuta. Diski akaijaribu kila kitu isipokuwa sauti, maana spika alizizima asimkere mkewe.

Siku ya sherehe ya kufungua chumba cha kompyuta ikafika, na komeo hakuna. Mdogo wangu akaleta begi lake kwangu, kisha tukaenda wote shuleni. "Mume ni mume," akasema, "acha nikampigie makofi." Mimi pia nilikuwa na haki ya kwenda, vifuniko vya kompyuta zile nilivishona mimi.

Afisa elimu alikaa mbele na mwalimu mkuu. Shemeji, ndani ya shati lililopigwa pasi na mke anayemwacha, akawasha swichi kubwa. Mashine kuukuu haziamki pamoja. Moja ikaanza pembeni: "Kuna mtu humu!" Ya pili ikadakia: "Komeo utaweka lini?" Nyingine zikafuata, kila moja kwa wakati wake, mpaka chumba kizima kikawa kinamgombeza. Wanafunzi wakaangua kicheko. Mdogo wangu akajifunika uso kwa mtandio.

"Komeo gani hilo?" afisa akauliza.

Mwalimu mkuu ana ulimi mwepesi. "La mlango huu, mheshimiwa. Usalama wa vifaa."

Afisa akafurahi mno. Kompyuta zinazojiombea ulinzi hajapata kuziona. Akamtuma dereva wake dukani palepale. Kabla soda hazijaisha, mlango wa chumba cha kompyuta ulikuwa na komeo la chuma linalong'aa, na aliyelifunga kwa bisibisi, huku akipigiwa makofi, ni shemeji yangu.

"Kumbe anajua," mdogo wangu akaninong'oneza. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na mimi nilitamani kumparura mtu.

Baada ya siku chache shemeji akaja kwangu, kashika diski. "Nimetoa toleo jipya. Ile sauti nimeiondoa kabisa."

"Na komeo?" mkewe akauliza.

"Mwenye duka kasema wiki ijayo analeta aina mpya, bora zaidi. Nikaona nisubiri."

Ee Mungu nipe subira! Shemeji alipokwenda kupeleka diski shuleni, mdogo wangu alichukua bisibisi ya cherehani yangu, akapitia dukani akachagua komeo la zamani lililojaa vumbi, tukaenda nyumbani kwake. Mimi nikashika mlango, yeye akakaza skrubu.

Shemeji aliporudi alinikuta sebuleni. Nikamwambia kwamba mkewe karudi, na komeo kalifunga mwenyewe. Akakimbilia bafuni, akatoka amekunja uso.

"Shemeji, mbona mlango wa bafu uko vilevile?"

Nikamwonyesha mlango wa chumba chao cha kulala. Akausukuma kama alivyozoea kusukuma milango yake yote. Haukwenda. Akabisha, taratibu, kama mgeni.

"Mama, fungua basi. Ni mimi."

"Kuna mtu humu," sauti ikajibu.