Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Kokugonza

Wasichana wengine wakitamkiwa neno la mapenzi huona haya. Wa kwangu huota manyoya. Sifanyi utani, ingawa siku ya kwanza nilicheka. Alikuwa kidato cha pili, mwalimu kamfokea mbele ya darasa, akakimbilia ziwani kulia. Nilipomfuata nikakuta fisi maji, yule mnyama wa ziwani mla samaki, kwenye matete, ananitazama kwa macho ya mwanangu. Nilicheka kwa woga hadi nikakaa kwenye matope.

Mimi ni Prudencia, Mhaya wa Kagera, muuza dagaa wa mwalo wa Igombe, bandari ndogo ya wavuvi. Kokugonza ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mwenyewe Kiseke tangu akiwa mchanga. Ni msichana kama wengine: anaunguza vitumbua, anaimba kwaya kwa sauti nene, analala na simu mkononi. Ila moyo wake ukienda mbio kupita kiasi, mwili unadai maji, na akiingia majini anageuka. Hawezi kurudi kuwa mtu mpaka atoke majini, akauke. Kwa hiyo nilikuwa na taulo langu. Kila mara nilimsubiri nyuma ya mawe, nikamkausha, nikamvika, tukaenda kuanua dagaa. Tulizoea, kama nyumba nyingine zinavyozoea mtoto mwenye pumu.

Kisha akaja Maige, mvuvi kijana wa Kisukuma, mpole, mchapakazi, mweupe wa meno. Kasoro yake moja: hakuna kitu alichokichukia kama fisi maji, kwa sababu walimchania nyavu. Aliwahi kuapa mbele yangu kwamba atakayemnasa atampasua kichwa kwa kasia. Kokugonza alikuwa amekaa pembeni yake, anamshikia uzi wa kushonea wavu, anatabasamu kama zuzu.

"Huyo ndiye unayempenda?" nilimuuliza tulipofika nyumbani.

"Shangazi, nyavu zenyewe nilichana mimi. Nilitaka kumwona kwa karibu."

Nilitamani kumzaba kibao. Nikaishia kumkumbatia.

Siku ya balaa nilikuwa Magu, nimepeleka dagaa gulioni. Alikuwa ameshamaliza shule, na Maige aliona wakati umefika. Akamketisha juu ya mawe ya mwaloni, akamwambia wazee wake watakuja kwangu kuposa. Mtoto akafurahi, na furaha ndiyo iliyomponza. Moyo ukamwenda mbio, akasema anakwenda kunawa uso, akaacha ndala na khanga jiweni, akazama. Maige alisubiri. Maji yalipotulia bila mtu kuibuka, akapiga yowe.

Kwetu mwaloni mtu akizama, hakuna anayevua tena mpaka mwili upatikane. Kila mtumbwi unatoka kumtafuta, nyavu zinakokotwa kutoka chini kabisa, na wanawake wanakaa ufukweni kulia na kusubiri. Ni desturi ya utu, nami nimeisifu mara nyingi. Lakini niliposhuka kwenye bodaboda nikaona ziwa limejaa mitumbwi na ufukwe mzima umejaa watu, nilielewa ni nani anayetafutwa. Wote walikuwa wanamtafuta mwanangu kwa upendo, na upendo huo ungemuua. Majini kulikuwa na nyavu, nchi kavu kulikuwa na macho. Angetokea wapi?

Ningewaambia nini? Kwamba hajafa, ni mnyama? Wangempiga mawe akitoka, nami wangenichoma ndani ya nyumba yangu. Basi nikakaa mchangani na wanawake wenzangu, wakanishika mabega, wakaniambia Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Kila wavu ulipovutwa, nilikufa kidogo.

Kesho yake wakanasa fisi maji. Walimpiga hukohuko majini, wakamleta wakamtupa mchangani. Nikawasukuma watu, nikapiga magoti, nikampapasa shingo. Mwanangu ana doa jeupe chini ya kidevu, akiwa mtu na akiwa mnyama. Huyu hakuwa nalo. Nikaanza kucheka, nikacheka na machozi yananitiririka, nikimshukuru Mungu kwa sauti mbele ya mzoga. Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema, "Maskini, kichwa kimeshaondoka."

Hakikuwa kimeondoka. Nilikuwa nafikiri jinsi mtoto atakavyochoka. Fisi maji naye anahitaji kulala, na hakuna jiwe lililobaki wazi. Ndipo nikakumbuka ukoo wetu kule Kagera. Mtu akipotea na mwili usionekane, tunazika mgomba kwa jina lake, na msiba unafungwa. Nikamwendea Mzee Mihayo, mwenyekiti wa mwalo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Naomba muache kutafuta. Nitazika mgomba, kama kwetu."

Alinitazama kwa huruma, na nikaona pia nafuu usoni mwake, maana watu walikuwa na njaa, na wasipovua hawali. "Una hakika? Ukishazika, umezika."

"Nina hakika."

Sikuwa nayo. Nilijua ninachokifanya. Aliyezikwa harudi kuchota maji bombani. Mtoto angetoka ziwani akiwa hai, lakini kwa jirani, kwa kwaya, kwa kila anayemjua, angekuwa marehemu. Nilimwokoa kwa kumuua, na hata sasa nikilisema jambo hilo kifua kinaniuma.

Tulizika nyuma ya nyumba yangu Kiseke. Mgomba ulivikwa gauni lake la kipaimara, ukalazwa jenezani, katekista akataja jina lake lote, na mwalo mzima ukaja. Nilijua ufukwe umebaki mtupu, nikamwomba Mungu mtoto atoke sasa, atoke akauke. Wakati wanaanza kushusha jeneza nikatafuta uso mmoja katika umati, sikuuona.

"Maige yuko wapi?"

"Amegoma kuja," Mzee Mihayo akajibu. "Anasema hawezi kuzika mti. Bado anakokota wavu."

Niliacha kaburi wazi. Mfiwa mkuu, nimejifunga khanga ya msiba, nikapanda bodaboda huku watu wanapiga kelele nyuma yangu. Njia nzima nilimpiga yule dereva mgongoni aongeze mwendo.

Maige alikuwa karibu na yale mawe, peke yake, kasimama ndani ya mtumbwi. Kwenye wavu kulikuwa na kitu kinatapatapa. Kasia lilikuwa juu.

"Maige! Usimpige! Huyo ndiye!"

Aligeuka. Macho yalikuwa mekundu, midomo imepasuka. "Ndiye nani, shangazi?"

"Ndiye uliyemposa! Mwangalie chini ya kidevu!"

Nilikuwa nimeingia majini hadi kiunoni, nalia, siwezi kusema zaidi. Aliniona mwendawazimu, nina hakika. Lakini aliinama. Yule mnyama aliacha kutapatapa, akanyoosha mkono wake mdogo kupitia tundu la wavu, akamshika kidole, kama alivyokuwa akimshikia uzi.

Kasia likadondoka ziwani. Maige aliuchana wavu wake kwa kisu, akamtoa, akavua shati, akakaa chini mtumbwini akaanza kumkausha, taratibu, kuanzia kichwani, mpaka akawa Kokugonza tena.

Waliondoka kwa basi la Misungwi kabla watu hawajatoka msibani. Siku hizi wanaishi mbali, sisemi wapi, na Igombe wanasema Maige aliukimbia uchungu.

Juzi Kokugonza alipiga simu. Amepata mtoto wa kike, amempa jina langu. Nilikuwa nyuma ya nyumba napalilia kaburi lake, kwa sababu majirani huangalia, nikajibana nisipige kigelegele.