Mjomba Andazi Aliyetokea Kibirizi

Aibu hii niliitengeneza mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya mwalo mzima wa Kibirizi, hapa boti za ziwani zinapotia nanga, na mpaka leo sijui nimkasirikie nani: mtoto, televisheni au mimi.

Binti yangu Neema, miaka mitano, aligoma kwenda chekechea. Sare imeshonwa, inaning'inia msumarini, na kila asubuhi ni kilio hadi majirani wanadhani nampiga (simpigi, ingawa siku nyingine mkono uliniwasha). Asipoenda nakuja naye mwaloni kuanika dagaa, na mtoto mwaloni ni kazi ya pili. Anayemsikiliza duniani ni mmoja tu, Mjomba Andazi, yule mwoka mikate wa kipindi cha watoto, kitambi mbele, aproni, unga hadi kwenye nyusi.

Sasa siku hiyo wapagazi walikuwa wanapakia unga wa muhogo kwenye boti, na mmoja wao, mtu mzima mwenye tumbo lake, gunia likampasukia kichwani. Akabaki amesimama mweupe wote, kipande cha gunia kiunoni. Neema akanivuta kanga.

"Mama, Mjomba Andazi."

Ningesema siyo, yakaisha. Nikasema ndiye. Nilishaona upenyo, nikamfuata yule baba, nikampa shikamoo, nikamnong'oneza amwambie mtoto aende shule, basi. Hakunielewa hata kidogo (kipindi chenyewe hajawahi kukiona), ila ni mstaarabu, akainama.

"Mama yako anasema uende shule. Nenda."

Neema akamuuliza maandazi yako wapi. Yule baba akanitazama mimi, mimi nikatazama ziwa.

Kumbe watoto wengine wameshasikia. Wakaja mbio, mama zao nyuma na simu mkononi, huyu anauliza ni msanii gani, yule anajibu ni wa kwenye televisheni, wa tatu anasema kaja kugawa mikate, na wote hao walipita wapi? Juu ya dagaa. Dagaa wangu na wa Mama Jeni, mwenzangu wa kuanika, waliokuwa ndiyo wanaanza kukauka, wakakanyagwa mpaka wakawa mchanga wenye macho. Mwenye boti anafoka unga wake haupakiwi. Mama Jeni akaja, mikono kiunoni.

"Mama Neema, huyo Mjomba wako ndiye tumle na ugali leo?"

Watu wakacheka. Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa.

Yule baba akaona heri akaoge. Akaingia majini, weupe ukamtoka, akarudi kipara chake kinang'aa, mpagazi yuleyule anayetupita kila siku. Nikangoja kilio. Neema akamwangalia, akaniangalia, akasema taratibu, "Kumbe anaoga."

Jumatatu akaamka kabla yangu, anadai sare. Nikafurahi kama mjinga. Mchana nilipomfuata, mwalimu alikuwa ananisubiri mlangoni. Neema amewatangazia wenzake kwamba Mjomba Andazi anakaa Kibirizi, anaoga ziwani, na mimi mama yake ndiye ninayemwamuru aseme nini. Darasa zima linataka kuja.

"Tuje lini, mama?" mwalimu akauliza, na wallahi sikujua ananitania au anauliza kweli.

Shule anakwenda, siwezi kukataa. Ninayejificha ni mimi, nyuma ya ukuta wa shule, hadi mwalimu aingie ndani. Na nimeapa, mtoto huyu akinionyesha mtu tena nitasema simjui, hata akiwa baba yake mzazi.