Bendera Moja, Injini Mbili

Dada yangu aliacha kunijibu salamu kwa miaka tisa. Asiye wa kwetu ataona ni jambo dogo. Usukumani salamu si neno moja ukapita. Utaulizwa umelalaje, ng'ombe wameamkaje, watoto je, utaitwa kwa ukoo wa baba yako, ndipo uruhusiwe kuendelea na safari. Mtu akikunyima salamu amekufuta. Nilikuwa nikimkuta mnadani Lalago, namwambia, "Mwadila, ilumbu lyane," ndiyo kusema nakusalimu dada yangu, naye anamtazama ng'ombe aliye nyuma yangu kana kwamba pale niliposimama hapana mtu.

Aliamini nimemuua mume wake.

Niseme ilivyokuwa. Wenye makosa nitawataja kwa kazi zao, maana majina yao nimeshayasema mahali pengi na hayakunisaidia kitu.

Nilikuwa mshika bendera katika yadi ya kinu kimoja cha pamba upande wa Maswa. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kazi ya bendera haitaki shule, inataka macho. Reli iliingia yadini kwa njia mbili, na njia hizo zikaungana karibu na geti. Njia moja injini ya treni iliingiza mabehewa matupu. Njia ya pili trekta letu lilivuta kwa mnyororo behewa lililojaa marobota. Wakati wa ushirika tulikuwa washika bendera wawili, mwenzangu wa injini, mimi wa trekta, na hakuna aliyepunga kabla ya kumtazama mwenzake. Ushirika ulikuwa na wizi wake, siwezi kuusafisha. Ila bendera zilikuwa mbili.

Likaja soko huria. Kinu kikauzwa, wanunuzi binafsi wakajaa kila kijiji na mizani zao, kila mmoja anagombea mabehewa. Tajiri mpya akaleta msimamizi wa yadi, na huyo ndiye mkosaji wa kwanza. Alipita na kalamu akipunguza watu. Mwenzangu akaambiwa aende kwao akalime. Nikauliza injini nani ataisimamia.

"Wewe una mikono mingapi?" msimamizi akaniuliza.

"Miwili, bosi."

"Basi unalia nini?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ndilo linaloniuma mpaka leo.

Haikupita hata miezi mitatu. Asubuhi moja msimamizi alimwendea dereva wa treni akamwambia akiona bendera ya kijani aingie, wana haraka. Mimi hakuniambia. Nikampungia dereva wa trekta kama kila siku. Bendera moja, wakaiona wawili, na injini ikaingia. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa ameinama pale njia zinapoungana, anafunga mnyororo. Nilirukia kumvuta. Niliacha vidole viwili vya mkono wa kushoto pale relini, na mguu wangu haujanyooka tangu siku hiyo. Yeye hakutoka.

Mkosaji wa pili ni karani. Alinifuata nikiwa kitandani hospitali, akanipa karatasi akasema ni ya matibabu. Nikaandika jina langu. Kumbe karatasi inasema nilikuwa nimelewa, nikaziita pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ikasomwa kwenye kikao cha ukoo.

"Hii sahihi ya nani?" dada akauliza.

"Yangu, lakini..."

Hakusubiri hilo lakini. Alichukua watoto akahamia Lalago.

Kinu hawakunitaka tena, na kwetu Mwamapalala watu walianza kunihesabia vikombe vya pombe hata nilipokunywa maji. Nikaja Bariadi mjini. Tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga wakati huo. Chuo cha ufundi cha misheni kikanichukua nifagie karakana, na nikafagia kwa hasira miaka mingi.

Halafu akaja yule mzungu mzee. Kwao alikuwa fundi wa taa za reli, amestaafu, amekuja kufundisha umeme. Alishusha masanduku manne, na ndani yake mlikuwa na treni za kuchezea. Hivyo ndivyo tulivyosema wote, mpaka mkuu wa chuo, kwamba mzee wa watu ameletewa vitu vya watoto. Akatengeneza meza kubwa kama kitanda cha watu sita, akapigilia reli nyembamba za kuzunguka, zenye maungano na njia za pembeni. Injini zilikuwa tano, kila moja urefu wa kiganja.

Kilichoziendesha ni boksi jeusi, kubwa kidogo kuliko Biblia, yeye akiliita kituo cha amri. Lilikuwa na kioo kidogo cha kuonyesha namba, kitufe chekundu cha kuzimia vyote, na rimoti ya waya yenye kishikio cha kuzungusha. Alinieleza mimi kabla ya wanafunzi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo. Umeme unapita kwenye reli zote muda wote, na injini zote zinaupata. Lakini kila injini ina kijichipu tumboni, na kijichipu kina namba. Boksi likisema, "Namba nne, nenda," zote tano zinasikia, inaondoka namba nne peke yake.

"Kama ng'ombe," nikamwambia.

"Ng'ombe wana namba?"

"Wana majina. Ukiita mmoja zizini, anageuza kichwa yeye tu."

Akacheka, akasema basi nitaweza.

Nikaingia kwenye kazi ile kwa kitambaa. Vumbi la Bariadi na nyuzi za pamba zinazoruka kila msimu zikikaa kwenye reli, umeme haupiti, injini inasita kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Kila asubuhi nilipangusa reli kwa kitambaa chenye spiriti, halafu lazima ujaribu injini uone kama umepangusa vizuri. Kujaribu kukawa kuendesha. Baada ya miezi michache nilikuwa nazungusha treni tatu, moja inapishwa pembeni, nyingine inangoja taa, na wanafunzi wa umeme wananiita mwalimu kwa utani. Herufi za kwenye kioo zilinishinda. Namba nilizimudu.

Injini mpya au iliyochanganyikiwa ilibidi ipewe namba. Mzee alikuwa na utaratibu wake hapo: unaitoa injini mezani, unaiweka peke yake kwenye kireli kifupi pembeni, unageuza swichi iliyo nyuma ya boksi, ndipo unaiandikia. Kila mara. Mimi niliona ni usumbufu wa kizungu. Kwetu mchungaji anayewajua ng'ombe wake hamtoi mmoja zizini ili ampe jina. Anasimama katikati ya kundi anamwita, siku ya tatu ng'ombe ameshajua. Kumtenga kwanza ni kazi ya mgeni.

Basi siku moja mzee ameenda kanisani, injini nyekundu ikagoma kutii. Nikasema niipe namba mpya, saba. Sikuitoa. Swichi sikuigusa. Niliitazama ile nyekundu vizuri, kama vile kutazama kunatosha, nikaandika saba, nikabonyeza. Kisha nikaita saba, nikazungusha kishikio.

Zikaondoka zote tano.

Nilisimama na rimoti mkononi. Zilikuwa zinakwenda kwa mwendo mmoja, kwa adabu kabisa, kila moja kwenye njia yake, na mbili zilikuwa zinaelekea kwenye maungano yaleyale. Kidole kilikuwa juu ya kitufe chekundu na hakikubonyeza. Zikagongana, boksi likalia, taa nyekundu ikawaka. Nikakaa chini sakafuni.

Mzee aliporudi alinikuta hapohapo. Nilidhani atanifukuza. Alipangua injini, akazitazama magurudumu, akasema hazijaumia.

"Hizi zimekosa nini?" akaniuliza.

"Hazijakosa. Zote zimeandikwa saba, zimesikia namba yao."

"Na aliyeita?"

"Aliita moja. Zimesikia zote."

Halafu, sijui kwa nini, nikamweleza yote, yadi, bendera, shemeji, karani. Alisikiliza huku anapangusa reli, kazi yangu. Nilipomaliza akauliza swali ambalo kwa miaka tisa hakuna aliyeniuliza, si polisi, si ukoo, si padri.

"Kwa nini bendera ilikuwa moja?"

Tukazirudisha injini kwenye kireli kifupi moja baada ya nyingine, kila moja na namba yake. Safari hii niligeuza swichi mwenyewe.

Tangu siku hiyo nilijua ninachotaka. Nilitaka dada aione meza ile. Binti yake alikuwa anasoma ushonaji hapohapo chuoni, alikuwa akinisalimia kwa siri nyuma ya jiko, na mahafali yake yalikuwa yanakaribia. Mama yake asingekosa kuja. Nikamwomba huyo mpwa wangu amlete mama yake karakana hata kwa dakika tano.

"Mjomba, akikutukana je?"

"Akinitukana atakuwa amesema nami."

Siku ya mahafali walikuja wazazi kutoka Ipililo mpaka Itilima, kanga mpya na kuku mikononi. Binti akamwingiza mama yake kwa ujanja, akisema kuna treni. Dada alifika mlangoni, akaniona, akataka kugeuka. Binti alikuwa amesimama nyuma yake na mlango ulikuwa mwembamba.

"Mwadila, ilumbu," nikasema.

Macho yake yalikuwa mezani.

Sikumweleza. Nilikuwa nimeshaziandikia injini mbili namba moja, kwa makusudi, nikaziweka kwenye njia mbili zinazoungana, kama yadi ilivyokuwa. Nikainua rimoti aione.

"Naita hii ya huku tu," nikasema. "Itazame."

Nikazungusha. Zikaja zote mbili. Nilizizima zikiwa zimebakiza upana wa vidole viwili kugusana.

"Umeziita zote," akasema. Ndilo neno lake la kwanza.

"Nimeita moja. Kuna mtu aliiambia na ya pili iitike."

"Nani?"

"Msimamizi. Alimwambia dereva wa treni, mimi hakuniambia. Na karani akaandika..."

"Karani tena." Akasogea mezani, sura imekaza. "Miaka tisa unaniletea msimamizi. Kwa wajomba unawatuma msimamizi na karani. Mnadani unanifuata na karani. Nimewachoka hao watu, hata sura zao sizijui. Nakuuliza wewe. Bendera ilikuwa mkononi mwa nani?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa nimeyapanga kwa miaka, na yote yalikuwa ya kweli.

"Mkononi mwangu."

"Ulimwona mume wangu ameinama?"

"Nilimwona. Trekta lilikuwa likimngoja amalize, dereva wake alijua. Injini sikuitazama. Zamani tulikuwa wawili, kuitazama ilikuwa kazi ya mwenzangu. Alipoondolewa nilijua haitazamwi, na nikaendelea kupunga. Nilipoambiwa nina mikono miwili, nilicheka."

Dada akakaa kwenye benchi la wanafunzi. Hakulia. Alikuwa ameshalia zamani, wakati ambapo mimi nilitakiwa niwe naye. Binti akataka kusema kitu, mama yake akamnyooshea kiganja anyamaze.

"Ulikuwa umelewa?"

"Hapana."

"Nilijua hukulewa," akasema. "Marehemu mwenyewe alikuwa ananiambia, ndugu yako hanywi akiwa zamu. Nilingoja uje useme hilo lingine."

Simwondolei msimamizi kosa lake. Aliondoa bendera ya pili kwa kalamu, na kama kuna haki mahali, itamkuta. Karani naye vilevile. Lakini siku ile kwa mara ya kwanza niliwaweka wao upande wao na mimi upande wangu, na upande wangu ulikuwa mwepesi kuliko nilivyoogopa.

Dada akainuka akaikaribia meza.

"Sasa zitenganishe," akasema, "nione."

Nikaitoa moja, nikaiweka kwenye kireli kifupi, nikageuza swichi, nikaipa namba yake, nikairudisha. Nikamkabidhi rimoti. Aliishika kama anashika kinyonga. Akazungusha mara moja kwa nguvu, injini ikachomoka ikaruka kona na kulala ubavu.

"Polepole, dada. Si kinu cha kusagia."

"Nyamaza, ndiyo najifunza."

Akajaribu tena. Moja ikaondoka, ya pili ikabaki imesimama. Aliitazama ile iliyosimama kwa muda mrefu kuliko ile inayokwenda. Alizungusha raundi nane, nilizihesabu, mpaka mzee akaja kusema hotuba zimeanza, akamkuta mama wa kisukuma anaamrisha treni yake, akarudi nje.

Alipokuwa anatoka, alifungua kitenge akanipa michembe ya viazi vikavu iliyofungwa kwenye kitambaa, alikuwa amemletea binti.

"Unajua kuezeka?" akaniuliza.

"Najua."

"Jiko langu linavuja. Jumapili uje. Na ngazi uje nayo, kwangu hakuna."

Nikaazima ngazi ya chuo. Jumapili nilisimama barabarani mapema, likapita lori linalorudi Lalago kuchukua pamba, na utingo akaniangalia mimi na vile vidole vyangu vitatu vilivyoshika ngazi.

"Mzee, na ngazi nayo inashuka Lalago?"

"Inashuka," nikamwambia. "Inangojwa."