Utepe wa Tiya Babing

Kwetu Guimbal, mji mdogo wa Ufilipino, ukitaka kujua nani alihudhuria harusi fulani na alivaa nini, humwulizi padri. Unamwuliza Tiyo Edring, mjomba wa mji mzima. Yeye ndiye amepiga video za harusi, ubatizo na mazishi ya mji huu tangu sijazaliwa. Video zake ni ndefu kwelikweli, kwa sababu hapa mgeni aliyekaa mezani asipoonekana akila, atanuna mpaka harusi nyingine. Basi Tiyo hupita meza kwa meza. Fungua video yake yoyote, lazima utafika mahali ambapo mji mzima unatafuna nyama ya nguruwe huku ukipunga mkono.

Mimi ni jirani yake, na ubatizo wangu umo kabatini kwake. Nimeutazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Namwona mama akiwa na nywele nyingi, babu akiwa hai anamfukuza nzi kwenye keki, na kivuli kirefu kikipita ukutani. Kivuli hicho ni cha Tiya Babing, mke wa Tiyo. Kazi yake ilikuwa kushika taa. Kwenye kanda za zamani humwoni yeye mwenyewe, lakini unamsikia nyuma ya taa: "Tabasamu, mwanangu. Si mazishi haya." Alifariki nikiwa darasa la sita. Tangu hapo Tiyo huifunga taa kwenye mwanzi, na watu wakimtania husema mwanzi una faida moja, hauna maneno.

Video zote hizo aliziunganisha kwa kompyuta ya mezani, boksi jeusi ambalo dada yake, Manang Tessing, alilituma kutoka Marekani likiwa tayari limeundwa kiwandani. Lilikuja kwenye katoni moja na makopo ya nyama, chokoleti na sabuni. Mama anasema kwa mwaka mzima ukiingia chumba cha Tiyo ulidhani kompyuta imetoka kuoga.

Mwaka huu Lolo Amado na Lola Consing, babu na bibi wa jirani, walitimiza miaka hamsini ya ndoa. Jubilei yao ya miaka ishirini na mitano ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya Tiyo, akiwa na kamera ya kubeba begani kama mfuko wa mchele. Sasa walitaka sherehe zote mbili ziunganishwe, ya zamani na ya juzi, zionyeshwe Jumamosi kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Lakini ile kompyuta haikuziweza video za kamera mpya. Picha zilisimama, zikaruka, zikasimama tena. Lolo Amado alionekana akinyanyua kijiko, kisha kijiko kikabaki hewani.

"Hii ikishindikana," Tiyo akaniambia, "nauza kamera nahamia Cavite kwa Jun. Nimechoka kuibembeleza mashine."

Jun ni mwanawe, na amekuwa akimwita tangu msiba. Mimi nilijua hatanii, kwa sababu alikuwa ameshaanza kugawa kuku wake. Watatu walikuwa kwetu.

Nilimwambia tatizo ni kadi ya picha, kile kipande ndani ya kompyuta kinachochora kila unachokiona kwenye skrini. Nilikuwa nimesoma sana habari hizo badala ya hesabu. Mashine za zamani za kiwandani hazina nafasi wala umeme mwingi, kwa hiyo unatafuta kadi fupi, inayojinyonyea umeme palepale inapochomekwa. Tukaenda Iloilo mjini, tukapata iliyotumika, tukarudi nayo Tiyo akiwa ameipakata kama yai.

Alipofungua ubavu wa mashine kwa bisibisi tulikuta vumbi zito kama blanketi, mjusi mkavu, na lulu moja ya plastiki.

"Ya nani hii?" nikamwuliza.

"Ya gauni la harusi la Merlita. Alinisumbua mwezi mzima, eti nimemwibia." Akaitia mfukoni mwa shati.

Kadi ikaingia bila ubishi. Tukawasha, na kijiko cha Lolo Amado kikafika mdomoni. Tiyo akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akabonyeza mashine itengeneze video nzima, na baada ya muda mfupi ikazimika, kimya, skrini nyeusi. Tukawasha tena, ikazimika tena. Kutazama ilikubali, ila ukiitwika kazi yenyewe, inakufa.

Kokoy, mjukuu wa Lolo Amado, akapita na kuegemea dirisha. "Tiyo, mimi naweza kuifanya kwa simu. Na muziki nitaweka."

"Na meza?"

"Meza zipi?"

"Za walaji."

"Nitaweka mbili tatu."

"Haya. Walioachwa utawaeleza wewe."

Kokoy akakumbuka ana shughuli nyumbani. Lakini alipoondoka Tiyo alikaa akiitazama kamera yake kwa namna ambayo sikuipenda.

Manang Tessing alipopiga simu ya video, kama kawaida yake akitoka kazini, mimi ndiye niliyemsimulia. Tiyo alikuwa amenuna.

"Inday, nionyeshe nyuma ya hiyo mashine. Huo waya unakwenda wapi?"

Nikaufuata na simu. Ulipita chini ya meza ukaishia kwenye transfoma ndogo ya kijivu, ileile wanayochomekea vitu vyote vilivyotoka Marekani. Vile vinataka volti mia na kumi, na ukuta wetu unatoa mia mbili na ishirini.

"Edring," akasema Manang Tessing, "bado unatumia hicho kikopo? Kilikuwa cha redio. Kadi mpya ikianza kazi inataka umeme mwingi, na hicho kinapaliwa. Mashine ina swichi ya volti nyuma, si nilikwambia? Unaisogeza, unachomeka ukutani."

"Najua ilipo."

Na mimi nikaiona. Juu ya swichi kulikuwa na utepe uliogeuka rangi ya chai, umeandikwa kwa rangi nyekundu ya kucha: USIGUSE. Mwandiko wa Tiya Babing. Zamani Manang Tessing alituma redio ya kaseti, na kwa kuwa plagi za kule na za huku zinafanana, ikachomekwa moja kwa moja ukutani. Ilitoa moshi katikati ya rozari. Tangu siku hiyo Tiya Babing alikipaka rangi ya kucha kila kitu cha Marekani, na kompyuta ilipofika, hata plastiki haijatolewa, akaiwekea utepe.

"Ameandika usiguse," Tiyo akasema taratibu.

"Alikuandikia wewe uliyeunguza redio. Angekuwepo leo, na kazi ya Jumamosi inasubiri, angeshaubandua yeye."

Tiyo alitoka nje, akakaa karibu na banda la kuku lililokuwa karibu tupu. Niliagana na Manang Tessing, nikamwacha Tiyo akae. Aliporudi alichomoa waya zote. Akauwekea utepe kiganja ili gundi ipate joto, kisha akaubandua kwa ukucha wa dole gumba, pole pole, usichanike. Ulitoka mzima. Akausukuma ule ulimi mwekundu wa swichi kwa bisibisi mpaka namba ikabadilika, mia na kumi ikawa mia mbili na ishirini.

"Kasimame mlangoni, Inday."

"Na wewe, Tiyo?"

"Mimi nimeshaoa, nimeshazaa. Nenda."

Akapiga ishara ya msalaba, akachomeka ukutani. Mashine ikaguruma kama kawaida. Akabonyeza. Mstari unaoonyesha kazi imefika wapi ukaanza kutambaa, tukautazama tukila biskuti, na haukusimama.

Jumamosi uwanja ulijaa. Watu walijicheka wenyewe wakitafuna, sasa na enzi zile, wengine wakiwataja kwa majina waliokwisha kutuacha. Ilipofika jubilei ya zamani, Lolo Amado na Lola Consing wakiwa wamesimama wima kama nguzo, sauti ikatoka kwenye spika kubwa: "Tabasamu, mwanangu. Si mazishi haya." Lola Consing, kwenye kiti chake cha mbele, akatabasamu.

Nilipopita kwa Tiyo baadaye nilikuta utepe umerudi mahali pake, juu ya swichi ileile, ila sasa unalinda upande mwingine. Kesho yake baada ya misa alikuja kwetu, akasimama uani akikunakuna shingo, kumwomba mama kuku wake. Mama akamrudishia wawili. Wa tatu alikuwa tayari chunguni, ikabidi tumkaribishe Tiyo mezani.