Spana ya Baba na Heshima ya Bibi

Juzi mume wa binti yangu alinipeleka Kolwezi kwa gari lake, kutoka Fungurume ninakoishi sasa. Tulipopita mtaa wetu wa zamani, fundi mmoja alikuwa anagonga chuma kando ya barabara, ngaa, ngaa, nami nikaruka kwenye kiti.

"Mama, iko nini?" mkwe wangu akauliza.

Nikacheka. Nilipokuwa mtoto mlio ule ulikuwa na maana moja tu: baba anafika, bibi aondoke njiani.

Ngoja nikueleze, rafiki. Wazungu walikuwa bado wanatawala, na sisi tuliishi ndani ya karakana. Usicheke. Ilikuwa karakana kubwa ya kutengenezea mabehewa, iliyoachwa mgodi ulipojenga mpya. Baba, fundi pale, aliruhusiwa kuilinda na kukaa humo na familia yake, tukingojea nyumba. Paa lilikuwa juu mno, njiwa walizaliana huko bila kumwogopa mtu. Reli zilizobaki sakafuni ndizo zilikuwa viti vyetu, na harufu ya grisi iliingia mpaka kwenye bukari, ugali wetu. Mvua ikinyesha juu ya mabati, mama alituita kula kwa kupunga mwiko, maana sauti haikufua dafu. Nilipapenda mahali pale kuliko nyumba yoyote niliyokaa baadaye.

Bibi, mama yake mama, alikuja kutoka Kasai kutusaidia kulea. Kwetu Kasai mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapishani mlangoni. Si ugomvi, ni heshima. Tunaiita buko. Karakana iliwatosha wote wawili. Bibi alikaa mwisho kabisa, nyuma ya mapipa matupu, na mlangoni kilining'inia kipande cha reli kilichotumika zamani kuwaita watu kazini. Baba akirudi, kabla ya kuingia, alikigonga kwa spana. Bibi alikusanya kitenge chake akaenda nyuma ya mapipa bila haraka, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Kisha mazungumzo yakaanza, kupitia kwangu.

"Muambie tata yako, sombe ya leo iko na chumvi mingi," bibi alisema kwa sauti ambayo hata njiwa waliisikia.

"Muambie nkambo, sombe iko muzuri," baba alijibu. Nkambo ndivyo tulivyomwita bibi, tata ni baba, na sombe ni kisamvu. Nami nilikimbia huku na huku kupeleka maneno ambayo kila mtu ameshayasikia, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Halafu tukapewa nyumba katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Mama alicheza ngoma alipoiona: matofali, sakafu ya saruji, bomba la maji karibu. Bibi naye alikwenda kuitazama. Aliizunguka polepole, akarudi karakana, akaanza kufunga mkeka wake.

"Mi shiwezi," alimwambia mama. "Byumba ni bibili, na mulango ni moya tu. Nitapita wapi, mu dirisha?"

Mama alicheka, kisha akaona mama yake hacheki. Bibi alitaka kupanda gari moshi arudi Kasai. Mimi niliyelala mgongoni pake tangu nikumbuke, nililia mpaka nikapata kwikwi. Mama alijaribu njia ambayo wengi kambini waliifuata: baba atoe mbuzi, buko iondolewe, wakae chumba kimoja kama watu wa kisasa. Bibi akakataa katakata. "Buko ni kama moto," alisema. "Ukikaribia sana unaungua, ukienda mbali unasikia baridi." Maskini mama, alikuwa katikati ya mume na mzazi, na hakuna aliyekuwa na kosa.

Baba alikula tonge chache, akasukuma sahani. Mwishowe akaniita. "Muambie nkambo asifunge ule mukeka. Angoje."

Jumapili alikwenda kwenye nyumba mpya na mwiko wa uashi. Nyuma palikuwa na jiko dogo la matofali, mlango wake ukitazama nyumba. Baba aliuziba, akafungua mwingine upande wa pili, unaotazama ua wa jirani. Jirani huyo alikuwa mfanyabiashara Mwislamu kutoka mashariki, muuza chumvi na vitambaa. Akachungulia.

"Tata, ile jiko yako inapa nyumba mugongo. Bilikosana?"

"Hapana," baba alisema. "Binaeshimiana."

Jirani alicheka, kisha akaleta mkokoteni wake kutusaidia kuhama. Jiko likawa chumba cha bibi na mimi, na mama akawa anapikia nje kwenye mbabula, jiko la makaa, chini ya mabati tuliyotoka nayo karakana. Baba hakusahau kipande cha reli. Alikitundika getini.

Jioni ya kwanza akarudi kazini, akakigonga. Lo! Wanawake wa mtaa mzima wakatoka na vikapu na mabeseni, maana kambini chuma kikigongwa hivyo, lori la posho limefika. Wakapanga mstari mbele ya baba, naye amesimama na spana mkononi, hajui aifiche wapi aibu yake. Nyuma ya jiko bibi aliangua kicheko.

"Muambie tata yako, banamungoja bunga!"

Baba naye akacheka. Sijawahi tena kuwasikia wawili hao wakicheka pamoja vile, kila mmoja upande wake wa ukuta. Bibi aliishi nasi hadi nilipoolewa.

Leo karakana imemezwa na shimo la mgodi. Nyumba ina wenyewe wengine, na reli sikuiona getini. Mkwe wangu hula nami sahani moja na kunitania, na ni mtoto mwema, silalamiki. Lakini ule utamu wa kupishwa njia na mtu anayekuheshimu, nimeukosa. Nilimsimulia haya yote garini.

Alinishusha nyumbani, nikakaa barazani na mjukuu wangu, mkwe wangu akaenda kununua mkate. Mara nikasikia geti la chuma linagongwa kwa spana. Ngaa! Kisha kimya. Hakuingia.

Nikainuka, nikakusanya kitenge changu, nikaenda nyuma ya jiko bila haraka. Machozi yalikuwa yananitoka, na huku nacheka.

"Muambie tata yako," nikamwambia mjukuu, kwa sauti ya kufika barabarani, "apite."