Safari ya Moshi Asiyoitaka Mama

Mama yangu Efrazia alipika pombe ya miwa hapa Gare, milimani, tangu tupate uhuru, na hakuwahi kuimeza hata funda moja. Baba alikwenda kwenye mashamba ya mkonge akapotelea huko, kwa hiyo pombe ndiyo iliyotusomesha. Ini la mama lilipoharibika, macho yakawa ya manjano na tumbo likavimba, wateja wake ndio wa kwanza kusema amejiua kwa ulevi. Walisema hivyo huku wakinywa kwake. Nilitamani kuipindua mitungi yote.

Hospitalini walimtoa maji tumboni, akapata pumzi. Kisha daktari akamwita barazani mjomba Mika, kaka yake mama, mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa. Nilisimama nyuma yao nikasikia. Daktari alisema ini limekwisha, hata hospitali kubwa ya Moshi hawana dawa ya kulifufua, heri mgonjwa apumzike nyumbani na aletwe kutolewa maji tumbo likijaa. Mwenye ini lake hakuambiwa neno.

Nikamwambia mimi. Akasema anataka kufia kwake, karibu na moto wake, nami niwepo. Je, hayo ni makubwa?

Kwa mjomba yalikuwa makubwa. Aliwaita wanaume wa ukoo, wakajadiliana sebuleni kwetu mpaka chai ikaisha, wakaamua apelekwe Moshi. Alihofia watu waseme mwenyekiti ana lori la kijiji na bado amemwacha dada yake afe kama kuku. Mama akajikongoja mpaka mlangoni.

"Kaka, anayekufa ni mimi. Mbona hamniulizi?"

Mjomba akamjibu kwa upole kwamba kutaja kifo ni uchuro, na kwamba ugonjwa umemvuruga akili. Upole ule uliniudhi kuliko tusi.

Asubuhi wakampakia kwenye lori, juu ya magunia. Nilikipakata kichwa chake, naye kila kona ya mlima akiniomba nimwambie dereva ageuze. Niligonga bodi kwa ngumi. Mjomba, aliyekaa mbele, akapunga mkono twende. Tulipofika Mombo, chini ya mlima, mama alitapika damu nyingi, akafa kando ya barabara, kwenye joto asilolizoea.

Mazishini kila msemaji alimsifu mjomba kwamba hakumtupa dada yake. Baadaye akanijia. Nikamwamkia shikamoo, maana adabu ni adabu. Akasema, mwanangu, tulifanya yote yaliyowezekana.

"Liliwezekana moja tu, mjomba," nikamwambia, "na hilo ndilo mlilomnyima."